Gamba la Chitrangi

Anayeogopa nyoka na apandishe miguu, maana leo simsemi nyoka vibaya.

Zamani, huko Bara Hindi, nyoka alizaliwa na ngozi moja akafa nayo. Ngozi ya Chitrangi, swila jike, iling'aa kuliko zote. Aliringa, ndiyo, nani asingeringa? Lakini mwaka huo alikuwa na mayai ishirini katika kiota cha majani makavu, na aliyalinda kwa njaa na kiu.

Asubuhi moja kiu ikamshinda, akashuka mtoni. Palisimama rishi Vatsamitra, mtawa ambaye ulimi wake uliogopwa hata na miungu, ameteka maji viganjani ayatoe sadaka kwa jua. Chitrangi akapita katikati ya miguu yake. Mzee akashtuka, maji yakamwagika.

"Ngozi hiyo unayoringia ife, ikauke kabla mwezi haujaandama!"

Salaale! Kwa maji ya viganja viwili!

"Babu, nina mayai," Chitrangi akasema. "Nikifa, nani atayalinda na nguchiro?"

Mzee akajuta hadi machozi yakamtoka. Hasira hasara. "Laana ikishatoka mdomoni hairudi, binti yangu. Lazima ipate cha kuua."

"Basi itapata. Umeilaani ngozi, nami nitaiachia ngozi. Mimi nina watoto."

Zilibaki siku tatu mwezi uandame. Siku ya kwanza ngozi ilififia, macho yakaingia ukungu. Ya pili ikaanza kumbana pumzi. Chitrangi akajikokota hadi kwenye miiba ya mkunazi, akasugua pua mpaka ngozi ikapasuka mdomoni, akavuta. Iliuma, jamani, iliuma! Alilia, lakini hakuacha. Kila alipochoka aliyakumbuka mayai, akavuta tena.

Siku ya tatu akatoka, laini na mzima. Hakugeuka kuitazama ile fahari yake. Kiotani alimkuta Vatsamitra ameketi, fimbo mkononi; siku zote tatu alikuwa akifukuza nguchiro. Mayai yote yalikuwepo, na moja lilikuwa linapasuka.

Laana nayo hurithiwa. Watoto walipotimiza siku kumi, ngozi zao zikafifia. Mama akawapeleka mwenyewe kwenye miiba, akawaonyesha pa kuanzia.

Na tangu siku hiyo nyoka hujivua gamba, akianzia puani. Ukilikuta gamba limenasa mahali, usilicheke. Laana imefia hapo. Mwenyewe ameshakwenda kwa wanawe.