Pembe ya Nahodha Asiyengoja

Ngano iko mlangoni. Iingie? Iingie!

Palikuwa na nahodha mwenye haraka, Shekuwe wa Pate. Wenzake walingoja kusi iwapeleke Barawa, kisha wakangoja kaskazi iwarudishe. Yeye aliliendea zimwi la pangoni, likampa pembe.

"Ukiipiga, upepo utakuja hata kama si msimu wake," likasema. "Lakini utatoka vifuani mwa wanaokungoja nyumbani."

Kaskazi ikivuma, Shekuwe akataka kwenda Barawa. "Mama amekula chumvi nyingi," akawaza, akapiga. Kusi ikaja. Huku nyuma, Pate, mama akakata roho.

Kusi ya msimu ikaanza, naye akataka kurudi. "Mke? Nitaoa mwingine." Akapiga. Kaskazi ikaja, na mkewe akaanguka kizingitini, macho baharini.

Safari ya tatu ikamkuta kwenye maleleji, misimu ikipokezana, bahari imelala kama mafuta, mtungi wa maji umekauka. Akapiga pembe. Kimya. Akapiga, akapiga, hata midomo ikachanika.

Zimwi likaibuka ubavuni mwa chombo.

"Piga tu, Nahodha. Aliyebaki kukungoja ni mimi, nami sina haraka."