Sululu Juu ya Bi Mwanaesha

Hapo zamani, lakini si zamani sana maana darubini zilishafika, palikuwa na chama cha watazamaji wa ndege katika kijiji kimoja cha pwani. Chama kizima kilikuwa na darubini moja. Kila mwaka, vuli ikiingia na ndege wa ng'ambo wakikimbia baridi ya kwao, wanachama hushuka mikokoni kumngoja sululu, yule ndege mwenye mdomo uliopinda. Atakayemgundua sululu wa kwanza hukaa na darubini nyumbani kwake hadi vuli ijayo.

Bi Mwanaesha, muuza mahamri, aliitaka darubini ile kufa na kupona. Macho yake yalikuwa mabovu. Bila darubini ndege wote kwake walikuwa vitone, na alishachoka kusifia vitone.

Desturi yao ilikuwa kujifunga majani ya mikoko ili ndege wasishtuke. Wenzake walijifunga kidogo tu. Bi Mwanaesha alijifunga toka utosini hadi magotini, akasimama topeni, ukiutafuta uso wake huuoni.

"Mama, umekuja kutazama ndege au kuota mizizi?" akamtania Fumo kinyozi, mwanachama mpya, ambaye siku hiyo alikuwa na zamu ya darubini.

"Nyamaza, utawafukuza!"

Mzee Shekuwe, fundi cherehani mstaafu, alikuwa kalala mchangani pembeni, kofia usoni, anakoroma. Mara mkoromo ukakatika.

"Sululu huyo!" akasema, kofia ingali usoni. "Nimemsikia."

"Umemwota," akajibu Fumo.

Papo hapo kitu kikatua puu kichwani kwa Bi Mwanaesha, kucha zikamkwaruza utosi. Sululu alimdhania mkoko! Bi Mwanaesha alikuwa radhi afe kuliko kutikisika. Pua ikamwasha, asipige chafya. Kaa akampanda mguuni, akamwacha apande. Furaha ilimjaa tele.

Fumo akageuza darubini, akamwona ndege waziwazi, mdomo, miguu, mpaka michirizi ya kichwani.

"Jamani!" akapiga kelele. "Kuku mdomo mrefu kapanda mti!"

Sululu akaruka, akaenda zake. Kaa naye akafika mahali pasipostahimilika, Bi Mwanaesha akapiga chafya na kuanguka kifudifudi topeni.

Ugomvi ukaanza.

"Mimi nilimsikia, nikamtaja jina," akasema Mzee Shekuwe.

"Ulimwona?"

"Sikumwona, lakini nilimtaja."

"Mimi nilimwona," akasema Fumo.

"Ulimtambua?"

"Sikumtambua, lakini nilimwona."

"Na mimi sikumwona wala sikumsikia," akasema Bi Mwanaesha, machozi yakimlengalenga, "lakini nilimbeba! Bila mimi angetua wapi?"

Wote watatu wakaushika mkanda wa darubini, huyu avuta huku, yule avuta kule, na maji yanajaa.

Haya, nyinyi mnaocheka, amueni upesi, maana maji yamewafika viunoni na mkanda umeanza kufumuka: darubini ni ya aliyemsikia, ya aliyemwona, au ya aliyembeba?