Ngolo Nyuma ya Kota

Mtu akihamia mji mdogo wa jeshi, jambo la kwanza analojifunza ni kusimama. Saa kumi na mbili jioni tarumbeta hulia, bendera huteremshwa, na kila aliye njiani husimama wima pale pale alipo. Mwenye baiskeli hushuka, mwenye ndoo kichwani hukaza shingo, hata mlevi huegemea ukuta akajitahidi. Gaudiosa alijifunza hayo siku aliyofika, pale mwanamke asiyemjua alipomshika mkono akamwambia, "Simama, dada. Hapa hata mbuzi wanajua."

Mji huo ulikaa juu ya ghuba ya Ziwa Nyasa, si mbali na Mbamba Bay, na watu waliuita Kotani, kwa sababu kota za askari ndizo zilizokuwa mji wenyewe. Zilijipanga safu kwa safu, zikifanana kama punje za hindi moja. Pembeni yake palikuwa na zahanati, duka la jeshi, kanisa la Waanglikana na soko dogo lililonuka dagaa toka asubuhi mpaka jioni. Mume wa Gaudiosa, Koplo Melkior, alikuwa mtu wa Namswea, huko milimani Umatengo, kama yeye, na ndoa yao ilifungwa Kigonsera katika msimu wa kuchuma kahawa. Alipomleta Kotani alimpa mafunzo mafupi kama amri za gwaride.

"Gari la jeshi likipita, usiulize linakwenda wapi. Ukiamka ukakuta jirani amehama, usishangae. Na bombani uwe mpole, maji ya hapa yana vyeo."

"Maji yana vyeo?"

"Utaona. Mke wa sajenti akija, ndoo ya mke wa koplo inasogea yenyewe."

Hazikupita siku nyingi, Melkior akapelekwa kwenye lindo la mpakani, kando ya mto Ruvuma. Gari lilipoondoka Gaudiosa hakuuliza linarudi lini. Alibaki na nyumba inayonuka rangi na joto lililomlalia kifuani kama blanketi la mtu mwingine.

Hapo ndipo hamu ya nyumbani ilipomshika. Alikumbuka ukungu wa asubuhi uliofunika mikahawa na baridi iliyomfanya mtu alifurahie jiko. Zaidi ya yote alikumbuka sengu. Kwao, jioni ilipofika, kila mke katika ukoo alibeba chungu chake hadi nyumbani kwa babu. Wa ukoo mmoja wakala pamoja, wakazungumza mashamba, ndoa na magomvi, na jambo lililoamuliwa pale liliamuliwa. Kwa Gaudiosa, kuwa na watu maana yake ilikuwa kuwa na sengu. Sasa jioni majirani zake walipotoa vigoda nje na kuelekea ziwani kupunga upepo, yeye alikigeuza cha kwake akaelekea milimani. Aliyatazama mawingu juu ya milima ya Umatengo mpaka giza lilipoyameza, naye akaingia ndani peke yake.

Si kwamba majirani hawakumjali. Mwanamke aliyemshika mkono siku ile alikuwa Eliza, mke wa Sajenti Hamphrey, mzaliwa wa ufukweni, mcheshi na mwenye sauti ya kuita mitumbwi. Wiki ya kwanza tu alimletea Gaudiosa bakuli la samaki, mbasa wa mchuzi. Gaudiosa alikula mpaka akalamba vidole. Kisha akalisugua bakuli kwa majivu hadi likang'aa kama kioo, akalirudisha kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo.

Eliza alilichungulia bakuli. Akamtazama Gaudiosa, akalichungulia tena.

"Haya, Mama Koplo. Asante," alisema, akafunga mlango.

Tangu siku hiyo salamu zilipungua urefu. Ufukweni bakuli la jirani halirudi tupu. Hurudi na chochote, hata limau, hata chumvi ya kufunika kiganja. Kulirudisha likiwa halina kitu ni kusema: usiniletee tena. Lakini Gaudiosa alilelewa kwenye sengu, ambako chungu kilichorudi kitupu na kisafi ndicho shukrani yenyewe. Wazee wamekula, wameridhika, hawakubakiza. Alikuwa ametoa shukrani kubwa kuliko zote alizozijua, na wenzake wakaipokea kama kofi.

Bombani maneno hayakukosekana.

"Huyu wa milimani mkono wake mzito," alisema Mama Kulwa, mke wa askari kutoka Tabora, ndoo yake ikijaa.

"Mwache. Kahawa imewatajirisha, harufu ya samaki inawakera," alijibu mwingine.

Gaudiosa aliyasikia. Alijitwisha ndoo yake, akajisemea moyoni kwamba watu wa hapa wana tabia zao na yeye ana watu wake. Akazidi kutazama milima.

Kikosi kilikuwa na desturi ya kuzigawia familia viwanja vya kulima. Vya tambarare vilikwisha zamani. Kilichobaki ni mteremko mkali nyuma ya safu ya mwisho ya kota, umejaa majani marefu, na hakuna aliyeutaka. Aliyewahi kuupigia matuta, mvua ya kwanza ilimteremshia shamba lote hadi mlangoni. Gaudiosa alipouona mteremko ule kwa mara ya kwanza, moyo ulimruka kama aliyekutana na ndugu safarini. Mteremko kama huo ndio uliomlea. Aliuomba, akapewa, ila kwa sharti: ukifika Pasaka haujalimwa, utachukuliwa na mke wa afisa mmoja aliyetaka kujenga banda la nguruwe.

Kila alasiri alipanda pale na kusimama katikati ya majani yaliyomfika magotini. Ukifumba macho, ukanusa, ungedhani uko Namswea. Ilikuwa sehemu pekee ya Kotani ambako pumzi yake ilishuka mpaka chini. Kuupoteza mteremko ule, aliona, kungekuwa kufukuzwa nyumbani mara ya pili.

Alijua namna ya kuulima. Kwao mteremko hulimwa kwa ngolo. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayoshuka na mingine inayoikatiza, hata mlima ukawa kama wavu uliotandazwa. Kisha wanawake huchimba katikati ya kila chumba na kuumwaga udongo juu ya majani, shimo likabaki la kunywa maji ya mvua, na maharage yakaota juu ya kingo. Kuchimba aliweza. Lakini majani, kwa mila aliyoijua, hulazwa na mikono ya wanaume waliokula nawe chungu kimoja. Wa chungu kimoja naye walikuwa Namswea.

Kwa hiyo alimtumia ujumbe kaka yake, Kiliani, kupitia kwa Bartholomayo, dereva wa gari la abiria lililopanda na kushuka kati ya Mbinga na ziwani.

"Mwambie mteremko wangu unamsubiri. Aje na wenzake wawili."

Bartholomayo aliporudi alisema, "Shemeji, kaka yako anasema wiki ijayo."

Wiki ijayo ilifika bila Kiliani. Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wamejaa Mbinga, kila mmoja na mizani yake, na bei ilikuwa imepanda kuliko mtu yeyote alivyokumbuka. Kila mwenye jembe alikuwa akichimba mashimo ya miche mipya. Kiliani alituma salamu, akatuma viazi, akatuma na ahadi nyingine. Mvua zikaanza. Kila gari liliponguruma kwenye kona za mlima Gaudiosa alitoka mlangoni akakinga macho kwa kiganja. Gari lilishusha magunia na watu, na hao hawakuwa ndugu zake.

Jumapili ya Matawi ilipokaribia, Bartholomayo alisimamisha gari akazungumza bila kumtazama usoni.

"Anasema baada ya Pasaka, shemeji. Amesema hakika."

Gaudiosa alimshukuru. Aliingia ndani, akachukua panga, akapanda mteremko akaanza kufyeka mwenyewe. Alifyeka kwa hasira mpaka machozi yakachanganyika na jasho, asijue kipi ni kipi. Mpaka jua linakuchwa alikuwa amesafisha eneo dogo la kulaza ng'ombe mmoja. Tarumbeta ikalia kule chini. Akasimama wima, panga mkononi, akilia kwa utaratibu wa kijeshi.

Bendera ilipokwisha kushuka alisikia sauti nyuma yake.

"Mama Koplo, unamchinja nani huku?"

Alikuwa Eliza, na kuni kichwani.

"Nafyeka, dada."

"Hivyo siyo kufyeka, ni kugombana. Ndugu zako wako wapi, hao unaowatazama milimani kila jioni?"

Gaudiosa alitaka kujibu kwa ukali, ukali ukakataa kutoka. Akasema kweli tupu: ndugu hawaji, Pasaka inakuja, na majani hayawezi kulazwa na mtu yeyote tu. Akaeleza ngolo, akaeleza sengu, na katika kueleza sengu akafika kwenye chungu kinachorudi kitupu na kisafi, kwa heshima ya aliyepika.

Eliza aliteremsha kuni polepole.

"Subiri. Unaniambia lile bakuli ulilonirudishia linang'aa hivi, ulikuwa unanishukuru?"

"Nilikushukuru kuliko nilivyowahi kumshukuru mtu. Kwani nilikosea?"

"Mwenzangu, mimi nililia." Eliza akaanza kucheka, cheko lililomkalisha chini. "Sajenti aliniuliza kama nimefiwa. Mbona hukusema?"

"Mbona hukuuliza?"

Wakatazamana, na safari hii wakacheka wote wawili. Kisha Eliza alifuta macho kwa upindo wa kanga, akawa mke wa sajenti tena.

"Hayo majani yanataka mikono iliyokula nawe chungu kimoja?"

"Ndiyo."

"Tatizo ni chungu tu? Basi Jumamosi pika. Kula tutakula, hilo usitufundishe."

Jumamosi Gaudiosa alipika kande katika chungu alichopewa na mama yake, chungu ambacho hakuwahi kukitoa kabatini. Walikuja Eliza na Mama Kulwa, akaja Sajenti Hamphrey na askari wanne waliokuwa mapumzikoni, wamevaa kaptula za mitumba badala ya sare. Walikaa kwenye majani, wakala kwa mkono kutoka chungu kile kile.

"Mimi nilisema mkono wake mzito," Mama Kulwa alikiri, akichota tena. "Kumbe ni mzito kwenye maharage. Nimefuta usemi."

"Futa na mdomo," Eliza alimwambia.

Wakafyeka siku hiyo, wakayaacha majani yanyauke, wakarudi Jumatano Kuu baada ya kazi. Sajenti alisikiliza maelezo ya Gaudiosa akiwa ameshika kidevu, kisha akawageukia vijana wake.

"Mmemsikia kamanda. Mistari inyooke. Sitaki kuona safu iliyolewa."

"Afande, huku mlimani hata mguu haunyooki," mmoja alilalamika.

"Ndiyo maana umepewa miwili."

Mistari haikunyooka. Mingine ilipinda kama mkia wa mbuzi, na mara mbili Gaudiosa aliwafumulia kazi wakaanza upya. Alikuwa amenyamaza miezi mingi. Sasa sauti yake ilisikika mpaka bombani. Wanawake wakashika majembe, akawaonyesha namna ya kusimama upande wa chini wa shimo na kuutupa udongo juu. Jioni ya Jumamosi Takatifu mteremko mzima ulikuwa wavu wa mashimo, na mke wa yule afisa alipita, akatazama, akaenda kutafuta mahali pengine pa nguruwe wake.

Mvua kubwa ilinyesha siku ya Pasaka yenyewe, watu wakiwa bado na nguo za kanisani. Kotani nzima walisimama barazani wakiutazama mteremko, wakingoja matope. Maji yaliingia kwenye mashimo, yakajaa, yakatulia. Yaliyofika mlangoni yalikuwa machache na safi.

Kiliani alifika maharage yakiwa yamekwisha kutoa majani. Alishuka kwenye gari la Bartholomayo na panga begani, akiwa na vijana wawili kama alivyoahidi. Gaudiosa alimkumbatia kwa muda mrefu. Shati lake lilinuka moshi wa nyumbani. Alimpandisha mteremkoni. Kiliani alitembea kati ya mashimo, akainama, akasukuma ukingo mmoja kwa kidole cha mguu.

"Nani kakulazia majani haya? Mistari imekwenda ovyo."

"Ndugu zangu."

Kiliani alimtazama dada yake, kisha akatazama chini kwenye kota, ambako Eliza alikuwa akipunga kanga na kuita kwamba chakula cha mgeni kiko tayari. Aliinamisha kichwa.

"Nisamehe, Gaudi. Nilichelewa." Akalishusha panga begani. "Gari linarudi Mbinga kesho asubuhi. Njoo ukae nyumbani mpaka shemeji arudi. Mama anakuuliza kila siku."

Hayo ndiyo maneno ambayo Gaudiosa alikuwa ameyasubiri tangu siku ya kwanza. Aliyatazama mawingu juu ya milima, akaiona nyumba ya babu kana kwamba iko hatua chache mbele yake, na moyo ulimuuma kama ulivyouma siku zote. Haukuacha kuuma hata alipojibu.

"Mwambie mama nitakuja baada ya kuvuna. Maharage yanataka palizi, na Jumamosi ni zamu yangu kuwapikia wenzangu."

Asubuhi Kiliani alipanda gari na vijana wake wawili, bila dada yake. Gaudiosa alilisindikiza kwa macho kona kwa kona mpaka mlima ulipolificha, kisha akashika jembe akapanda mteremko, ambako majirani zake walikuwa wamemtangulia. Nyumbani ni nyumbani, na hamu yake haina dawa. Lakini fimbo ya mbali, hata ikiwa imekatwa kwenye msitu uliokulea, haiui nyoka.