Boga la Nakunda

"Usafi wa mlimani huulizwa bondeni." Ndivyo alivyosema mama mchungaji leo kanisani, na nyie wajukuu zangu mmerudi mmenikazia macho kana kwamba neno lile nimelitunga mimi. Sikulitunga. Lakini siku lilipozaliwa nilikuwepo, nimekaa kwenye nyasi na sweta langu la kijani, na nililia mbele za watu bila aibu. Haya, sogeeni. Wewe Mbazi, weka hiyo simu yako mpya chini, haitakimbia. Chukueni maharage haya mchambue huku mnasikiliza. Mdomo wangu ukifanya kazi, na mikono yenu ifanye.

Mnadhani kila methali ina mvi? Hii bado changa. Mama yenu ameizidi umri. Ilivyokuja duniani ni hivi.

Kule Kilemwa, kijiji nilikoolewa, juu kabisa milimani Upare, kuna ukungu usiokuwa na haraka. Unakuja asubuhi, unaingia jikoni, unakaa na watu, na ukitaka kuondoka unaondoka wenyewe. Ukiwa ndani yake unamsalimia mtu kabla hujamwona, naye anakuitikia, mnaulizana habari za nyumbani mpaka mnaachana, na sura yake hukuiona. Mimi hata leo nikisinzia huwa narudi humo. Tabasamuni tu, siku zenu zinakuja.

Basi, sisi watu wa Kilemwa tulisifika kwa usafi. Tulikuwa na msaragambo, yaani kazi ya kijiji kizima. Pembe ikilia, kila nyumba inatoa watu. Tunafagia njia, tunazibua mifereji, na taka zote tunazimwaga kwenye korongo lililo chini ya kijiji. Na kila anayemwaga husema, "Nenda ukaote." Tulifundishwa hivyo na wazee, nao walikuwa na sababu. Taka za wakati wao zilikuwa majani ya migomba, maganda, majivu na samadi. Mvua ilizibeba mpaka bondeni kwa ndugu zetu, na huko kweli zikaota. Mashamba ya bondeni yalikuwa meusi, yamenona.

Ndiyo maana kila mavuno watu wa bondeni walipanda kwetu na boga la shukrani. Lilipikwa palepale uwanjani, na mzee wa mlima ndiye aliyekula kipande cha kwanza, kisha sote tukala. Mzee asipokula, ni sawa na kusema undugu umekwisha. Ilikuwa haijawahi kutokea, na hakuna aliyefikiri itatokea.

Mzee wa mlima siku hizo alikuwa Mcharo. Mkewe alikwisha kufa, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, Nakunda, aliyeolewa huko huko bondeni. Nakunda naye alikuwa na binti mdogo, Nambike. Lo, Mcharo alivyompenda mjukuu yule! Aliweka kigoda chake ukingoni mwa uwanja, mahali ambapo ukungu ukifunguka anaona bati la nyumba yao, dogo kama kucha. Akiliona anatulia, hata chai yake inapoa.

Sasa vikaja vyombo. Kwanza pikipiki za petroli, na kiongozi wa waendeshaji wake alikuwa Kiondo, fundi na dereva, mtu wa kelele na roho nzuri. Mlima ukajaa mlio na moshi, kuku wakawa hawatulii. Halafu Elinihaki, kijana aliyerudi kutoka mjini, akaleta pikipiki ya umeme. Jamani, kitu kile! Ilipanda mlimani bila sauti. Ilitokea ndani ya ukungu, ikakupita, ikapotea, ukabaki unajiuliza kama umeona au umeota. Wengine wakanunua. Kidogo kidogo mlima ukanyamaza, tukaanza kusikia tena ndege ambao tulishasahau kama wapo. Nikasimama mlangoni asubuhi moja nikasema, Mungu wangu, kumbe Kilemwa ilikuwa na sauti hii. Nilifurahi sana, siwezi kuwadanganya.

Lakini mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kijiji kikagawanyika. Kila tulipokutana, iwe msibani au harusini, ubishi ni huo huo. Elinihaki anasema, "Kiondo, moshi wako unatuua." Kiondo anajibu, "Na hayo mabetri yako yametengenezwa na malaika? Madini yake yanachimbwa kwa watu, mito yao inageuka rangi, nasikia redioni." Elinihaki anasema, "Huko ni mbali." Kiondo anasema, "Na petroli yangu nayo inachimbwa mbali, mbona unanisema?" Wakimaliza pikipiki wanahamia kwenye simu, nani anabadilisha kila mwaka na nani ana redio tatu nyumba moja. Sisi wengine tunacheka, tunashangilia upande wetu, tunakwenda kulala.

Na msaragambo uliendelea kama kawaida, wanangu. Pembe inalia, tunafagia. Betri zilizovimba, simu zilizokufa, oili chafu ya Kiondo, madumu, taa, nyaya, vyote tukavimwaga korongoni. Na mikono yangu hii ilimwaga, na mdomo wangu huu ukasema, "Nenda ukaote." Hakuna aliyesita. Uwanja ulikuwa unang'aa.

Mwaka mmoja, baada ya mavuno, mkutano ukaitishwa kumaliza ubishi. Watu waamue, Kilemwa iwe ya petroli au iwe ya umeme, na nani kati yetu anauchafua mlima. Ukungu ulikuwa mwepesi siku ile, unapita kati ya watu kama mtu anayetafuta pa kukaa. Kiondo na Elinihaki walishaanza kurushiana maneno, ndipo tukaona mtu anapanda kutoka bondeni, peke yake, na boga kichwani. Alikuwa Nakunda.

Alipiga magoti kidogo mbele ya baba yake. "Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nambike hajambo? Mbona hukuja naye?"

"Amelala," Nakunda akasema. "Siku hizi analala sana."

Boga lile lilikuwa dogo, na upande mmoja limejikunja. Tulilitazama tukalipokea kwa adabu. Wanawake tukaliosha, tukalipika, na mkutano ukaendelea huku sufuria inachemka. Ubishi ukapanda mpaka Elinihaki, jasho linamtoka, akamgeukia Nakunda.

"Dada, wewe si wa petroli wala si wa umeme. Huna upande. Hebu tuambie wewe, nani msafi hapa?"

Nakunda akaenda kwenye sufuria. Boga lilikuwa limeiva. Akalitoa mwenyewe, akaweka kipande kwenye sahani, akampelekea baba yake kwa mikono miwili kama ilivyo desturi. Mcharo akashukuru, akakishika kipande, akakiinua kuelekea mdomoni.

Nakunda akamshika mkono.

"Baba, hili usile."

Wee! Uwanja mzima ukashtuka. Binti kumzuia baba yake kula boga la undugu! Mume wangu akasema kwa sauti, "Ala! Huyu amepatwa na nini?"

"Limeota pale korongo linapomwaga," Nakunda akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ilibidi watu wasogee. "Afisa afya alikuja akachukua maji yetu na udongo wetu, akaenda kupima. Akarudi akasema tusile kinachoota pale, tusinywe pale. Bata wote walikufa. Maji yana rangi juu, nzuri kweli, kama upinde wa mvua."

Mcharo alikuwa bado ameshika kipande chake. Akamwuliza polepole, kama mtu anayeogopa kuamshwa, "Na mjukuu wangu anakula nini?"

"Hilo hilo, baba. Shamba letu ni moja."

Sijasahau uso wa yule mzee. Hapo ndipo nilipolia, na sikuwa peke yangu.

"Tumbo linamuuma," Nakunda akaendelea. "Alikuwa anaimba toka asubuhi, mnamjua. Sasa anakaa tu ukutani. Mume wangu anasema tuhame, twende mbali, tuanze upya, na nikienda, baba, sidhani kama nitarudi. Nimekuja kuaga, na nimeleta boga kwa sababu ni desturi na sina kingine." Akamgeukia Elinihaki. "Umeniuliza nani msafi. Mnabishana hapa juu kila siku, mnanusana, na wote mnanukia vizuri. Uchafu wenu mtauonaje? Chenu chote kinashuka kwetu. Usafi wa mlimani huulizwa bondeni."

"Sisi hatukujua," Kiondo akasema.

"Hamkuja kuuliza. Elinihaki anasema wanakochimba madini ni mbali. Sawa, ni mbali. Na mimi je? Bati langu si mnaliona mkiwa mmekaa?"

Elinihaki akainamisha kichwa.

Mcharo akaweka sahani chini. Hakungoja kura ya mtu. Akaenda mwenyewe akaitoa pembe mahali inapotundikwa, akaipuliza, na pumzi zake za uzee zilikatika katikati, akapuliza tena. Msaragambo! Tukaja na vikapu, na magunia, na glovu kwa yule mwenye nazo, tukashuka korongoni ndani ya ukungu, kwa mara ya kwanza tangu kijiji kiwe kijiji. Ilikuwa kama kuingia kwenye ndoto ambayo mwenyewe umeiota ukaisahau. Nilikuta redio ya harusi yangu. Kiondo akakuta madumu yake, yana jina lake kwa rangi nyekundu. Elinihaki akawa anaokota betri moja moja, analia kimya kimya. Wa petroli na wa umeme tulishikana mikono ili tusiteleze, na hakuna aliyemuuliza mwenzake cha nani ni kipi.

Tukavirundika vyote uwanjani, penye mikutano, mbele ya pua zetu. Ardhi ya bondeni haikupona kwa siku moja, msidhani. Mashamba yetu ya juu ndiyo yaliyowalisha watu wa bondeni kwa miaka, na maji tuliwavutia kwa bomba kutoka juu, na wapo waliolalamika kwamba chakula chao kinashuka bure. Mcharo aliwajibu neno moja tu, "Kaleni boga la kule basi." Nambike alikuja kukaa kwa babu yake, akatibiwa, na polepole akaanza kuimba tena, ingawa kwa sauti ya chini. Nakunda hakuhama. Lakini majirani zake wawili walihama, na nyumba zao zilibaki wazi, ukungu ukiingia na kutoka.

Mnachambua au mmelala? Haya, tunakaribia kumaliza.

Siku moja likaja lori la watu wanaonunua betri na vyombo chakavu vya kila aina. Loo, tulivyoshangilia! Vijana wakapakia, akina mama tukapiga vigelegele, uwanja ukabaki mtupu, unang'aa kama zamani. Dereva akawasha gari. Watu wakawa wanapeana mikono, tumemaliza, tumekuwa safi.

Nakunda akasogea dirishani. Akamwuliza dereva kwa upole, "Kaka, unavipeleka wapi?"

"Kiwandani, dada. Wanavunja, wanayeyusha."

"Na chini ya kiwanda anakaa nani?"

Dereva akamwangalia. "Sijui," akasema. "Mimi naishia getini."

Vigelegele vikafa. Tukatazamana. Nawaambia kweli, kila mmoja wetu alitaka liondoke tu, maana sote tulikuwa tumechoka na lile rundo, na lori lilikuwa tayari linanguruma.

Ndipo Mcharo akainuka kwenye kigoda chake. Mzee yule hakuwahi kuvuka mji wa Same maisha yake yote. Akachukua fimbo yake na blanketi, akaomba asaidiwe kupanda, akakaa karibu na dereva. Nakunda akasema, "Baba, unakwenda wapi na magoti hayo?" Naye akasema, "Nakwenda kuuliza." Lori likaondoka, likaingia ukunguni, tukalisikia muda mrefu baada ya kuacha kuliona.

Alirudi baada ya siku kadhaa, amekonda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kijiji kizima tulimzunguka. Tukamwuliza, "Mzee, umewakuta watu?"

Akasema, "Nimewakuta. Wako wengi. Kuna mama anafua nguo chini ya ukuta wa kile kiwanda, na watoto wake wanacheza pale kwenye maji. Nikamwambia, mama, mimi natoka Kilemwa, betri zetu ndizo hizo zinazoingia humo, nimekuja kuuliza tunawaumiza kiasi gani."

"Akasemaje?"

Mcharo akatazama chini. "Aliacha kufua, akaniletea kigoda. Kisha akaniambia, baba, tangu nihamie hapa, wewe ndiye mtu wa kwanza kuja kuuliza."

Basi. Mbazi, mbona umeigeuza simu yako kifudifudi? Sikusema uitupe, na baba yako sikumwambia auze gari. Kutumia tutatumia. Ila mkisikia mtu anasema chake ni kisafi, iwe cha moshi au kisicho na moshi, msimjibu ndiyo wala hapana. Mwulizeni kwanza kinaposhukia ni wapi, na huko amefika lini. Usafi wa mlimani huulizwa bondeni.