Nakundwa Atajifungulia Wapi

Mwanamke mmoja alikuwa na mimba yake ya kwanza, na alikuwa mbali na kwao. Jina lake lilikuwa Nakundwa, mzaliwa wa milima ya Upare. Yeye na mumewe, Eliamini, walikuwa na mwaka wa pili Uholanzi. Eliamini alifanya kazi kwenye ghala la maua nje ya mji, na huko simu za wafanyakazi hufungiwa kabatini mpaka wakati wa mapumziko. Walipanga ghorofa ya tatu, juu ya ngazi nyembamba iliyosimama wima kama ya kupandia darini. Nyumba nyingi za mtaa ule zilikuwa na ngazi za namna hiyo. Mtu akinunua kabati, lilipitishwa dirishani kwa kamba.

Katika nchi ile mwanamke mwenye afya njema huulizwa anataka kujifungulia wapi, nyumbani au hospitali. Kwenye zahanati ya kijijini kwa kina Nakundwa swali hilo halikuwapo. Jibu, hospitali, lilikuwa limebandikwa ukutani tangu yeye hajazaliwa. Kwa hiyo swali lilimfika kama mzigo ambao mtu anapokea njiani bila kujua pa kuutua, na lilimfika akiwa amechoka, kwa sababu mpaka mwezi wa saba wa mimba alikuwa bado anadamka kwenda kusafisha ofisi za watu.

Mkunga wake aliitwa Marijke, mama wa makamo aliyekuja kwa baiskeli hata siku za mvua. Alikuwa mpole. Alimpima shinikizo la damu, akasikiliza moyo wa mtoto, akamweleza kwa Kiingereza cha polepole kwamba mwili wake hauna tatizo, kwamba nyumbani kuna utulivu, na kwamba hospitali iko dakika kumi tu, ikihitajika ipo. Kisha akauliza, "Wewe mwenyewe unataka nini?"

Nakundwa alilelewa akijua kwamba mtu aliyekuja kukusaidia humpangii kazi. Aliona kuulizwa kule ni heshima, na heshima hurudishwa. Akajibu, "Utakavyoona wewe ni sawa."

Marijke akaandika kwenye faili: nyumbani.

Eliamini alipoisoma jioni karatasi aliyoiacha mkunga, alifurahi. Alisema sisi tunakimbilia hospitali kwa sababu tuliambiwa tukimbilie, lakini wenye elimu yao wanazaa vyumbani mwao, wamewasha mishumaa, wanasikiliza muziki. Jumamosi akaazima vitalu vya mbao, akakiinua kitanda mpaka kikafika kiunoni, maana ndivyo mkunga alivyoagiza ili asiumie mgongo akiinama kumzalisha. Tangu siku hiyo Nakundwa alipanda kitandani kwa kigoda. Mumewe alimuuliza kama kuna shida. Alisema ni sawa.

Mama yake alipopata habari kwa simu hakuanza na salamu.

"Yaani umepanda ndege, umevuka bahari, ukajifungulie chumbani kama bibi yako?"

"Mama, huku ndivyo wanavyofanya."

"Na wakijirusha kisimani?"

Mama huyo alizaa watoto watano. Wa pili alimzaa nyumbani, na mtoto yule hakulia. Kwa mimba zilizofuata alitembea kilomita kumi na moja kwenda hospitali, kila mara, na kila mara alifika. Kwa hiyo habishani na mtu juu ya jambo hilo. Alisema, "Nenda hospitali, mwanangu. Nenda hata wakikukatalia." Nakundwa akasema, "Sawa, mama." Akafunga begi la hospitali, akaliweka karibu na mlango. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa huku, begi limefungwa kule, na yeye alipita katikati yake kila siku akienda jikoni.

Mama yake alikuwa ameomba viza aje amsaidie. Walimnyima.

Jumapili, baada ya ibada ya Kiswahili, akina mama walimzunguka kwenye chai.

"Hospitali za huku usithubutu," alisema Mama Glory. "Watakupasua kabla hujavua viatu."

"Bora kupasuliwa," alisema Bi Sifaeli. "Ghorofa ya tatu ile? Yakikushinda watakuteremsha kwa kamba dirishani, kama kabati."

Walicheka, na Nakundwa akacheka nao. Mama Glory akasema, "Lakini kwa kweli, mdogo wangu, unajifungulia wapi?" Akajibu kwamba bado wanaangalia.

Hakuna aliyejua alichokiogopa. Dada yake alijifungulia hospitali ya wilaya, na siku ile Nakundwa na mama yake walikaa nje ya geti na chupa ya uji mpaka ukapoa. Ndugu hawakuruhusiwa kuingia. Dada yake alisema baadaye kwamba alilala akitazama dari, na kila alipoita, aliitikiwa na mwanamke mwingine aliyekuwa anaita. Kwa Nakundwa, hospitali ilikuwa ni hiyo. Na nyumbani nako aliona hivyohivyo: Marijke hakukaa zaidi ya nusu saa, na Eliamini alikuwa ghalani na simu yake imefungiwa. Uchungu hakuuogopa. Aliogopa kuachwa nao peke yake. Kama mtu angemuuliza atajifungua akiwa na nani, angesema yote. Wote waliuliza wapi.

Na kumbe katika nchi ile mume huingia na mkewe hospitali, hukaa mpaka mwisho, na hakuna anayemfukuza. Na mkunga wa nyumbani, saa ikikaribia, haondoki. Marijke alilijua hilo vizuri mno, kiasi kwamba hakulisema. Eliamini alilisoma, akadhani na mwenzake amelisoma.

Uchungu ulianza Alhamisi asubuhi, Eliamini akiwa ameshaondoka. Nakundwa alikunja nguo, akaosha vyombo, akasimama kila ulipokuja, akaendelea ulipopita. Saa mbili akampigia mkunga. Waliongea Kiingereza, lakini adabu ilikuwa ya Upare.

"Habari za asubuhi, Marijke. Umeamkaje? Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Wewe je?"

"Nashukuru. Samahani kwa kukusumbua mapema hivi."

Hapo uchungu ukaja. Akaiweka simu kifuani, akauma kanga, akangoja upite. Kwao mtu hatangulizi shida kabla ya salamu, na mwanamke halii mbele za watu, na aliyeko kwenye simu naye ni mtu. Akairudisha simu sikioni, akasema, "Naona kama imeanza kidogo."

Marijke alikuwa na miaka ishirini ya kuwapima wanawake kwa sauti zao. Alijua mwanamke wa kwao aliyekaribia hawezi kumaliza sentensi. Huyu alimaliza zote, tena kwa shukrani, kama mtu anayeagiza mkate. "Bado mapema," akamwambia. "Oga maji ya moto, kunywa chai. Utanipigia baadaye, ukizidi."

"Sawa. Asante sana. Wasalimie nyumbani."

Marijke akaandika: ametulia.

Mumewe hakumpigia. Simu yake ilikuwa kabatini, na kupiga ofisini kwao aliona ni kumtoa mtu kazini kwa jambo ambalo mwenye ujuzi amesema bado. Alioga. Alikunywa chai, akaitapika. Baada ya hapo hakupiga simu kwa mtu yeyote, kwa sababu alikwisha kuambiwa, na kupiga tena ingekuwa kama kudai.

Saa tano mama yake akapiga, kama alivyopiga kila Alhamisi. Nakundwa akapokea, akamwamkia vizuri. Mama hakuitikia.

"Hiyo si pumzi ya mtu aliyekaa. Uko wapi?"

"Nyumbani, mama."

"Mpaka sasa uko nyumbani!"

Simu ikakatika. Eliamini alipofungua kabati wakati wa mapumziko, alikuta simu tisa za mama mkwe. Mfanyakazi mwenzake alimpakia kwenye gari lake, na njiani Eliamini akampigia Marijke, ambaye naye alitoka na baiskeli. Ilipofika saa sita Eliamini alifika, Marijke akiwa bado njiani. Tangu asubuhi mpaka saa hiyo Nakundwa alikuwa peke yake, ameshika beseni la kunawia.

Eliamini alibeba begi kwa mkono mmoja, akamshika mkewe kwa mkono wa pili, wakaanza kuteremka. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa shati, na sauti ya mama mkwe, aliyekuwa amepiga tena, ilitoka humo. Walikuwa wamefika katikati ya ngazi Marijke alipoingia mlango wa chini. Alitazama mara moja tu.

"Mrudishe juu! Hamtafika."

"Gari liko mlangoni," alisema Eliamini.

"Na kitanda kiko juu. Mrudishe!"

"Mtoe!" simu ilisema kwa Kipare. "Eliamini, mtoe mwanangu humo ndani!"

Eliamini akamvuta chini. Kisha akamsukuma juu. Kisha akasimama, akawajibu wote wawili kwa wakati mmoja. Kila mmoja wao alikuwa na sababu, na hakuna sababu hata moja iliyokuwa ya uongo. Mzee wa nyumba ya chini akafungua mlango, akachungulia.

Nakundwa alishika reli kwa mikono miwili. Katika miaka yake ishirini na sita hakuna mtu aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

"Sisogei! Eliamini, tupa hilo begi, kaa nyuma yangu, unishike!"

Eliamini akaliachia begi. Likabingirika, likampita mkunga, likaishia miguuni kwa yule mzee. Eliamini akakaa kwenye kipandio, akaweka miguu huku na huku, akamkumbatia mkewe kwa nyuma. Marijke akapanda, akapiga magoti vipandio viwili chini yao. Ndani ya shati la Eliamini mama naye akawa ameacha kupiga kelele.

Haukupita muda. Mtoto alitoka, msichana, rangi yake si nzuri, na hakulia. Marijke alimgeuza, akamsugua mgongo, akamfuta pua. Ngazi nzima ilikuwa kimya. Kule Upare mama alikisikia kimya hicho na akakitambua. Nakundwa aliegemea kifua cha mumewe, akausikia moyo wake ukipiga mbio, naye mumewe hakumwachia.

Kisha mtoto akalia.

Damu ilikuwa nyingi kuliko ilivyotakiwa. Gari la wagonjwa likaja, wakamfunga Nakundwa kwenye kiti, wakamteremsha vipandio vilivyobaki. Akalazwa siku mbili. Siku hizo zote Eliamini alikaa kando ya kitanda kwenye kiti kibovu, na wauguzi walimpitia wakamletea kahawa. Nakundwa alimtazama mchana mzima, akingoja afukuzwe.

"Kumbe wanaruhusu ukae?"

"Wanaruhusu. Hukujua?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Na mimi hukuniuliza." Alisema hivyo bila ukali. Alikuwa hajalala.

Marijke alikuja kumwona siku ya pili, hakuvua koti. Alisema, "Uliniuliza kama watoto wangu hawajambo. Mtu mwenye uchungu kama ule haulizii watoto wa mwenzake."

"Kwetu huuliza," alisema Nakundwa.

Mkunga akauliza kama anaweza kumbeba mtoto.

Jumapili iliyofuata akina mama walilizungumza jambo hilo kwenye chai. Mama Glory alisema si mmeona, alizaa bila hospitali. Bi Sifaeli alisema si mmeona, bila hospitali angekufa. Wakampigia simu ili awaamulie: ihesabiwe amejifungulia wapi? Eliamini ndiye aliyepokea. Mkewe na mtoto walikuwa wamelala, akasema hatawaamsha.

Wote katika habari hii walimpenda mwanamke yule, na kila mmoja alimchagulia mahali pazuri. Basi wewe unayesikia, ndugu yako atakapofikiwa na saa yake, utamwonyesha pa kwenda, au utakaa naye?