Njuga ya Nyani na Harusi ya Pimbi

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa mlima, pakawa ukungu, pakawa na harusi!

Hapo kale, zamani za kale, Pimbi alikuwa anaolewa ng'ambo ya mlima, kwenye majabali ya kaskazini. Wakwe walitoa sharti moja tu: bibi harusi afike kabla jua halijatua. Akichelewa, ndoa hakuna. Naye Pimbi alimpenda mchumba wake mpaka usingizi ulimpaa.

Kiongozi wa msafara alikuwa Nyani. Alikuwa ameokota dira iliyodondoshwa na wapanda mlima, kisahani chenye sindano nyekundu.

"Sindano hii huonyesha kaskazini," akajigamba. "Ukungu uje mzito kama uji, mimi sipotei!"

Mkono wa kulia akashika dira. Mkono wa kushoto akavaa njuga ya chuma, kubwa kama ngumi, maana harusi bila kelele si harusi. Wakala ndizi, wakatupa maganda. Kanga, somo wa bibi harusi, akapiga vigelegele, safari ikaanza.

Ukungu ukashuka. Nyani akakutanisha mikono kifuani, aitazame dira. Sindano ikalalia kushoto.

"Kushoto!"

Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Wakakuta maganda ya ndizi.

"Mbona haya ni maganda yetu?" akauliza Kanga.

"Kwani wewe peke yako ndiye unayekula ndizi?" akajibu Nyani.

Chini ya ushungi, Pimbi aliona jambo. Njuga ikitikisika, sindano nayo inatikisika. Akamvuta Kanga ubawa.

"Shh! Mwali hasemi njiani. Wakwe watakucheka."

Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Maganda yaleyale!

"Dira imechoka," Nyani akasema. "Inataka ngoma." Akatikisa njuga kwa nguvu.

Pimbi akamkanyaga Kanga mguu.

"Mwali hasemi!"

Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Maganda, na sasa yana siafu. Jua nalo limekuwa jekundu nyuma ya ukungu.

Pimbi akawaza: nikisema napata aibu, nikinyamaza nakosa mume. Aibu hupoa. Akafunua ushungi.

"Mjomba Nyani, vua hiyo njuga!"

Kanga nusura azimie.

"Chuma kinaivuta sindano! Hatufuati kaskazini, tunafuata mkono wako. Tunazunguka kama ngamia wa kinu!"

"Mwali amesema!" Nyani akang'aka. "Tena ananisema mimi!"

Lakini aliitazama njuga, akaitazama sindano, akaona haya. Akaivua, akampa Kanga akae nayo nyuma kabisa. Sindano ikayumba, ikatulia. Kumbe njia iko kulia!

Wakakimbia. Walifika jua limebaki kama ukucha.

Nyani hana siri. "Mama mkwe, huyu kasema njiani!"

"Kasema nini?"

Akaelezwa yote. Mama mkwe akacheka mpaka akakaa chini.

"Huyu ndiye mkwe! Angenyamaza, mwanangu angeoa ukungu."

Vigelegele vikapasua mlima. Nyani akarudishiwa njuga yake, akacheza mpaka mkia ukamuuma. Dira iliwekwa kwenye jiwe la mbali, isisikie ngoma ikachanganyikiwa.

Basi wenzangu, chombo kizuri kitakufikisha, ila usikiweke karibu na kinachokipotosha. Na aliyeiona njia aseme, hata awe mwali.

Hadithi yangu imefika ukweni, imevua viatu. Iliyo tamu chukueni, iliyo chungu niachieni ukunguni.