Komeo la Kooni

Nyamazeni kidogo, na huyo anayekunywa maji aendelee kunywa, asione haya, kwa sababu habari niliyo nayo ni ya koo lake. Mmelisikia lilivyolia? Ko! Basi kulikuwa na zama ambazo koo la binadamu halikutoa sauti yoyote. Mtu aliweza kumaliza bakuli zima la makande pembeni yako na wewe usijue kama anakula au anawaza. Karamu za harusi zilikuwa kimya kama matanga. Na kimya hicho, ambacho wengi walikiona ni adabu, nusura kimponze mjane mmoja asiye na hatia.

Mjane huyo aliitwa Nakijwa. Aliishi Irindi, kijiji cha milimani kule Upare, pamoja na binti zake wawili, na kazi yake ilikuwa kuchonga makomeo ya milango ya maghala. Komeo la Nakijwa lilikuwa na sifa yake: likisukumwa, kwenda au kurudi, lililia ko, na mwenye nyumba aliisikia sauti hiyo hata akiwa jikoni. Wezi wa mahindi walimchukia kwa moyo wote. Lakini makomeo peke yake hayakumlisha mtu, na chakula cha nyumba ile kilitoka kwenye kishamba cha magimbi na maharage kilichokuwa cha mwisho kabisa kwenye mfereji.

Maji ya Irindi yaligawanywa kwa zamu. Juu ya kijiji wahenga walikuwa wamechimba bwawa, ndiva kama tunavyoliita sisi, ambalo hujaa taratibu kutokana na kijito. Likijaa, kizibo huondolewa na maji huteremka kwenye mfereji hadi shamba la mwenye zamu. Mgawa maji alikuwa Mzee Kajiru, mtu mpole asiyependa makelele, na sheria aliyoisimamia ilikuwa moja: anayefungua ndiva bila zamu, mfereji wake unazibwa kwa mawe, naye asipate tone hadi wajukuu zake. Kwa watu wa mlimani, kuzibiwa mfereji ni kuambiwa ufunge mizigo ushuke nyikani.

Mwaka huo mvua za vuli zilichelewa. Watu wakakubaliana ndiva iachwe ijae pomoni, maji yote yawe ya kuoteshea mbegu za kijiji kizima. Asubuhi moja Kajiru akapanda kuiangalia, akakuta tope tupu na vyura wameduwaa. Kizibo kilikuwa kimetupwa majanini. Watu wakaufuata mfereji uliolowa, nao ukawapeleka kwenye mashamba mawili: la Mrindoko, lililokuwa limelowa chapachapa, na la Nakijwa chini yake, lililolowa nusu.

Mrindoko alikuwa ndugu wa marehemu mume wa Nakijwa, mwanamume mnene, mcheshi, mwenye maneno ya kutosha vijiji vitatu. Hakusubiri aulizwe.

"Shemeji yangu ana shida, wazee wangu, tumwonee huruma," alisema kwa sauti ya upole. "Maji yalikuwa yanakwenda kwake, yakapita kwangu. Mimi nimelowa kwa ujirani tu."

Nakijwa alihisi damu ikimpanda kichwani. "Yangekuwa yanakuja kwangu, shemeji, kwangu ndiko kungelowa zaidi," alijibu. "Hayo niliyonayo ni mabaki yako."

Wazee walisikiliza pande zote mbili, wakashindwa kuamua, wakaagiza kiapo.

Kiapo cha Irindi kilikuwa hivi. Maji ya ndiva, japo ya tope, yalichotwa kwa kibuyu na kutiwa majivu ya jiko la mgawa maji. Mtu alisema neno lake mbele ya wote, kisha akayanywa. Aliyesema uongo akameza, tumbo lilimvimba kabla ya siku saba kwisha. Lakini palikuwa na desturi moja zaidi. Mtu alipoinua kibuyu, watu wote waligeuka na kumpa mgongo, kwa maana kumtazama mtu kooni anapomeza kiapo kulihesabiwa ukosefu wa adabu, sawa na kumchungulia akioga. Watu wa Irindi walijivunia adabu yao hiyo, na hawakujua ni waongo wangapi walioshukuru kwa ajili yake.

Nakijwa alikunywa kwanza, yakamshuka machungu hadi tumboni. Kisha akanywa Mrindoko. Watu walipogeuka tena, walimkuta amesimama anatabasamu, midomo imefumbwa vizuri.

"Yameshuka salama, shemeji?" Nakijwa akamuuliza.

Mrindoko, mtu ambaye hakuwahi kuiacha salamu ipite bila kuiongezea hadithi, aliitikia kwa kichwa tu. Akatembea kwa heshima zake hadi nyuma ya migomba, akakaa huko kidogo, na aliporudi ulimi ulikuwa umefunguka, anachekesha watu kama kawaida. Nakijwa akaelewa papo hapo. Hakumeza! Lakini angesema nini, na angemthibitishia nani? Hakuna aliyekuwa amemwona, na koo halikuwa na sauti ya kumsikia.

Siku saba zikapita, hakuna tumbo lililovimba. Mzee Kajiru alikuna kichwa hadi akachoka. Mwishowe wazee wakatoa neno: kiapo kitarudiwa siku ya nne, na kama hapo napo mwizi hatajulikana, mifereji yote miwili itazibwa, ili mwizi asibaki na maji ya watu. Mrindoko alicheka tu, kwa kuwa alikuwa na shamba jingine kando ya mto. Nakijwa hakuwa na jingine.

"Mama, tuanze kukunja mikeka?" bintiye mkubwa alimuuliza jioni hiyo.

"Bado, mwanangu," alijibu. Akaketi kwenye kigoda chake akaanza kuchonga, maana kichwa chake kilifanya kazi vizuri mikono ikiwa na shughuli. Alipomaliza komeo alilijaribu. Ko. Akalirudisha. Ko. Akalisukuma tena na tena, hadi binti zake wakadhani huzuni imemzidi. Kumbe alikuwa anafikiria mlango mmoja ambao hakuna fundi aliyewahi kuutilia komeo.

Siku hizo Muumba alikuwa bado hajaikamilisha kazi yake. Kila mwaka, kabla ya vuli, alikaa siku tatu juu ya mwamba wa kileleni akisikiliza malalamiko ya viumbe na kurekebisha palipohitaji. Nakijwa akalitia komeo lake kwenye kikapu, akapanda mlima alfajiri. Alikuta foleni. Kuku alikuwa amekuja mara ya tatu kuomba meno, akarudishwa mara ya tatu. Kobe alitaka nyumba nyepesi. Nakijwa alisimama nyuma ya kobe, nanyi mnaijua foleni inayotanguliwa na kobe. Jua lilikuwa utosini alipofika mbele.

"Baba, nimekuja kwa ajili ya koo," alisema akipiga goti.

"Linauma?"

"Haliumi, Baba. Liko kimya mno."

Muumba alishangaa. "Mimi nililifanya laini kusudi, watu wale bila kusumbuana. Wenzako huja hapa kuomba nipunguze kelele. Nimpunguzie jogoo, nimpunguzie mama mkwe. Wewe unataka niongeze?"

Nakijwa akamweleza yote: ndiva, kiapo, migongo iliyogeuzwa, na mashavu ya Mrindoko yaliyojaa maji. Sauti ilimtetemeka alipofika kwenye binti zake na mikeka yao, lakini hakulia. "Kimya cha koo ni kichaka cha mwongo," alisema. "Macho yetu tumeyafunga wenyewe kwa adabu. Nipe kitu ambacho masikio yatakisikia." Akatoa komeo kwenye kikapu, akalisukuma mbele ya Muumba. Ko!

Muumba alilipokea, akalisukuma mara ya pili, ya tatu, ya nne, na uso wake ukachangamka kwa namna ambayo mafundi peke yao wanaielewa. "Tena umenikumbusha jambo," alisema. "Kila mwaka naletewa kesi za watu waliopaliwa. Pumzi na tonge zinapita mlango mmoja, zinagongana. Komeo likifunga njia ya pumzi wakati tonge linashuka, kisha likarudi mahali pake, nitakuwa nimemaliza kesi mbili kwa siku moja."

Akachukua gegedu, ule mfupa mlaini, akachonga komeo dogo akiangalia la Nakijwa. Akatoboa na kijia chembamba kutoka kooni hadi masikioni, ili mwenye koo awe wa kwanza kujisikia. Lakini kabla ya kulitia mahali pake alimwonya. "Komeo hili halichagui, mwanangu. Litalia kwa mkweli na kwa mwongo. Litalia mbele ya wakwe, litalia msibani, na wengine litawatia hofu wadhani ni wagonjwa. Nikishalitia, silitoi. Na nikikutilia wewe, nawatilia wote."

"Litie, Baba," alisema Nakijwa.

"Wanaume je? Maana anayekusumbua ni mwanamume."

Nakijwa hakusita hata kidogo. "Wao watilie kubwa zaidi, lionekane hata kwa nje."

Muumba alicheka hadi mawe madogo yakaporomoka mlimani. Akamgusa shingo. Nakijwa akameza mate, na ndani ya koo lake kitu kikapanda, kikashuka, kikalia. Akameza tena, akacheka peke yake kwa furaha, na njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa anameza na kucheka.

Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, Irindi ilishikwa na kiwewe. Kila aliyemeza alisikia ko shingoni mwake, akaacha tonge akashika koo. Wengine walikunywa uji kujitibu, uji nao ukalia. Wanaume walipapasa kivimbe kilichowachomoza shingoni, wakaulizana kwa minong'ono kama ndilo tumbo la kiapo limekosea njia. Nakijwa ilibidi apite nyumba kwa nyumba akiwatuliza na kuwaeleza alikotoka. "Haliumi, halikwamishi chakula, basi si ugonjwa," aliwaambia. "Ni komeo linarudi mahali pake." Mzee Kajiru alimsikiliza kwa makini, akameza mate mara tatu kuhakikisha, kisha akatoka kimyakimya kwenda kuikagua ndiva, ambayo ilikuwa imeanza kujaa tena.

Siku ya kiapo watu wote walikuja, hadi wagonjwa. Kajiru alisimama mbele na kibuyu chake. "Adabu yetu hatuiachi," alisema. "Tutageuka kama siku zote. Lakini leo hakuna kukohoa, hakuna kunong'ona. Leo tunasikiliza."

Nakijwa alisema neno lake: hakufungua ndiva. Migongo ikageuka. Akainua kibuyu, akanywa funda moja kubwa, na katika kimya kile koo lake lilisikika hadi kwa watu wa nyuma. Ko! Wanawake walitaka kushangilia, Kajiru akawazuia kwa mkono.

Zamu ya Mrindoko. Naye alisema hakufungua ndiva, ingawa safari hii sauti ilikuwa nyembamba kuliko mwili wake. Migongo ikageuka. Akatia maji mdomoni, na hapo akajikuta pabaya. Akimeza, tumbo litavimba. Asipomeza, koo halitalia, na kijiji kizima kimetega masikio. Jasho likamtoka. Muda ukapita, watoto wakaanza kuhesabu vidole. Ndipo akapata wazo alilolidhani la werevu: akaamua kuigiza sauti kwa ulimi, maji yakiwa bado mashavuni. Akaubandika ulimi juu ya kinywa, akaubandua kwa nguvu.

Sauti ilitoka. Na maji yakatoka nayo, yote, yakaruka na majivu yake, yakampiga Mzee Kajiru kisogoni.

Kajiru aligeuka pole pole, maji yakimchuruzika hadi kwenye mgongo wa shuka lake. Watu wote wakageuka naye. Mrindoko alikuwa amesimama na kidevu kinachodondoka, kibuyu mkononi. Kisha mtu mmoja akacheka, na Irindi nzima ikaangua kicheko kilichosikika ng'ambo ya bonde. Vigelegele vikapasuka. Binti wawili wa Nakijwa walimrukia mama yao shingoni wakilia na kucheka pamoja.

"Nilifungua mimi," Mrindoko alisema hatimaye, akiyatazama matope miguuni pake. Mchana huohuo mfereji wake ulizibwa kwa mawe, naye akachukua jembe akaenda kuishi kando ya mto.

Kajiru, bado amelowa, alimshika Nakijwa mkono akampandisha hadi kwenye ndiva. "Tumekugeuzia mgongo, mwanangu, tukaiita adabu," alimwambia. "Utusamehe. Kizibo leo uking'oe wewe." Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kukishika. Nakijwa alikunja mikono ya nguo, akakikumbatia kile kizibo, akakivuta mara moja. Maji yakatoka yakinguruma, yakashika mfereji, na watu wakakimbia nayo wakiimba jina lake. Safari hii yalianzia shamba la mwisho, ndipo zamu ikapanda kwa wa juu. Nakijwa aliingia katikati ya magimbi yake na maji yakimfika vifundoni, akainua mikono yote miwili, akapiga kelele za furaha kama mtoto.

Na tangu siku hiyo koo la binadamu halijanyamaza tena. Hulia kwa mzee na kwa mtoto, kwa tajiri na kwa mwenye njaa, na wanaume hutembea na komeo lao limechomoza shingoni, wengine wakilijivunia bila kujua walivyolipata. Kama lako linalia tu, liache lifanye kazi yake. Kama linauma, au tonge linakwama, usinijie mimi, nenda kwa tabibu mapema. Waongo nao hawakwisha, wapo, tena wamezidi ujanja. Lakini mtazameni mmoja siku anapobanwa kwa swali. Kabla hajatoa neno la kwanza, macho makavu, uso mtulivu, atameza mate kwanza. Tegeni masikio hapo.